Fundi Aliyetembeza Redio

Mimi ni mtu wa kushuku. Nasema mapema ili msije mkanilaumu baadaye. Mke wangu husema hata nikisalimiwa barabarani nageuka kwanza kutazama nyuma, nijue anayesalimiwa ni nani. Sikatai. Nimeendesha teksi Kigali miaka mingi, na teksi inakufundisha kumtazama mtu kwenye kioo kabla ya kumjibu. Kwa hiyo nikisema machale yalinicheza siku ya kwanza nilipomwona Fundi, nichukulieni hivyo hivyo.

Nilikuwa nimeegesha Kimisagara, kule bondeni kwenye vibanda vya mafundi, namsubiri abiria aliyeingia kwa mshonaji kuchukua suti yake. Kutoka kwenye kichochoro akatokea mzee mwembamba, amevaa koti juani, redio ndogo ya mfukoni ameibana sikioni. Alitembea polepole, kichwa kimeinama. Alipofika kwenye mtaro wa maji ya mvua akasimama. Akavuka, akapiga hatua moja mbele, akarudi nyuma. Halafu akageuka akaenda zake alikotoka. Baada ya muda akaja tena, redio ile ile, mwendo ule ule, ila safari hii alisimama kabla ya mtaro, akatikisa kichwa kukubali, akaondoka. Nilipandisha kioo cha gari. Sikujua naogopa nini, lakini nilipandisha.

Lazima niwaeleze kwa nini, maana asiye wa hapa atanicheka. Mimi nimekulia Karagwe, Tanzania, kwa wazazi waliokimbia zamani. Tulirudi Rwanda baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, tukamtafuta shangazi yangu aliyekuwa amebaki, tukakuta hakuna mtu katika nyumba yake. Hata nyumba yenyewe haikuwepo. Waliosalimika walitusimulia habari za redio. Walisema ilisikika kila mlango, inacheka, inapiga muziki, halafu inataja majina ya watu na mahali walipo. Tangu hapo, nikimwona mtu wa umri ule mwenye ufundi wa redio, nina swali moja tu: wakati ule, mikono yako ilikuwa inafanya nini? Na hilo ndilo swali lisiloulizika. Hapa hatuulizani. Tunapishana, tunasalimiana, tunafanya pamoja umuganda, ile kazi ya mtaa ya Jumamosi, na kila mtu anabaki na lake.

Pamoja na hayo nikawa mteja wake. Mtanicheka tena, lakini shida haina aibu. Corolla yangu ni ya zamani, redio yake ni ile ya kumeza kanda, na mdomo wa kanda ulishakufa kitambo. Haina tundu la simu wala haijui bluetooth ni mnyama gani. Na mimi bila dansi la zamani la Tanzania siendeshi vizuri, nakuwa mkali kwa abiria. Nilinunua mjini kale kadude ka dukani kanakochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara, kanachukua muziki kwenye simu na kuurusha kwenye redio ya gari, kama kituo kidogo cha FM cha mtu mmoja. Kalikuwa kanalia pamoja na injini. Nikikanyaga mafuta, nako kanapiga mluzi. Jua likiwaka, kanahama masafa, nabaki na mhubiri badala ya gitaa. Dereva mwenzangu akaniambia, nenda Kimisagara kwa Fundi, yeye anavitengeneza kwa mkono na havihami. Nilipomuuliza fundi gani, akaonyesha kichochoro kile kile.

Chumba chake hakikuwa na kibao. Kilikuwa na meza, taa ya kuinamia, na makopo ya maziwa ya unga yaliyojaa vipande alivyovitoa kwenye redio zilizokufa. Kwa mtu mwenye kazi ile, kulikuwa na kimya cha ajabu. Ingia kwa fundi redio yeyote Afrika hii, utakuta tatu zinaimba kwa pamoja. Kwake hapana. Kila alichojaribu alikijaribu kwa visikilizio masikioni, na akimaliza anazima. Niliyaweka hayo moyoni, upande wa mashaka.

Swali lake la kwanza halikuwa gari gani wala simu gani. Alinitazama, akasema kwa Kiswahili cha Kigali, "Wewe unataka kusikia wewe na abiria, ama unataka na watu ya inje wasikie?" Nikamwambia nataka mimi na abiria. Akauliza tena, kana kwamba polisi kamtuma. Nikarudia. Ndipo akavuta kiti.

Nilikaa mlangoni kumtazama akifanya kazi, kwa sababu sikutaka kumwachia gari. Yeye naye hakupenda nikae, akanigeuzia bega. Tulikuwa watu wawili wasioaminiana, na ninafikiri hilo ndilo lililotufanya tuelewane. Alichukua kitu cheusi chenye miguu mingi, akasema hicho ndicho kinachochukua sauti ya kushoto na ya kulia na kuzifunga pamoja ili zisafiri njia moja bila kuchanganyika. Pembeni yake akaweka kikopo kidogo cha bati, kristali, kinachopiga mdundo usiobadilika ili redio ya gari ijue namna ya kuzifungua tena. Halafu akasokota koili. Aliuzungusha waya wa shaba kwenye kijiti cha keekee, akaichomoa taratibu, akaichomelea kwa risasi mahali pake, akawasha mshumaa na kuidondoshea nta. Nikauliza nta ya nini. Akajibu kwamba barabara za Kigali zina matuta, koili ikitikisika wimbo nao unatikisika.

Kila kipande alikipima kwa mita kabla hakijagusa risasi, hata kile alichokitoa mwenyewe kwenye kopo lake. Muuzaji wa vipuri aliyekuwa akipita na sanduku alimchukia kwa hilo. Fundi alikuwa akifungua pakiti mbele yake, anapima kapasita moja baada ya nyingine, na ile isiyolingana na maandishi yake anairudisha bila neno. Siku moja muuzaji akaudhika, akamwambia, Muzehe, si imeandikwa pale? Fundi akasema kuandika ni rahisi, na akaendelea kupima. Alikuwa na misemo yake ya namna hiyo, mifupi, isiyo na furaha. Ukimsifia kitu, anasema, "Nionyeshe." Ukimwambia fulani kasema, anakuuliza kama ulikuwepo. Mimi hapo nilikuwa nampenda, siwezi kusema uongo. Kisha nakumbuka umri wake, na upendo unanitoka.

Kifaa changu kilipokuwa tayari, alikichomeka kwenye gari, akatafuta mahali pasipo na kituo, akacheza wimbo kutoka kwenye simu yangu. Gitaa likatokea mlango wa kushoto, mwimbaji katikati, tarumbeta kulia kabisa. Injini inanguruma na hakuna mluzi wowote. Nilitaka kumkumbatia. Yeye alikuwa ameshachukua kiredio chake cha mfukoni na kushuka, anaondoka nacho sikioni, kichwa kimeinama, kuelekea mtaroni. Basi nikajua nilichokiona siku ile ya kwanza. Alikuwa anapima sauti ya gari inafika wapi. Aliporudi, alifungua kiboksi, akakata kipande cha ule waya mfupi uliokuwa antena, akaenda tena. Alikata mpaka sauti ikafa hatua chache kutoka mlango wa gari, kabla ya mtaro. Ng'ambo ya mtaro ndiko kulikuwa na nyumba ya kwanza, ya yule mshonaji, na dirisha lake linatazama barabara.

Nikamuuliza kwa nini anajisumbua. Ya dukani inafika mbali zaidi, hakuna anayelalamika. Akasema, "Iko inatoka inje. Kitu ya gari ibaki kwa gari." Nilidhani anaogopa watu wa serikali na sheria za masafa, jambo ambalo lingekuwa la haki. Lakini mtu anayeogopa serikali anatazama barabarani. Yeye alitazama dirisha.

Kuhusu tabia zake, niseme machache. Alikunywa chai ya maziwa yenye tangawizi, kikombe kikubwa, na hakuwahi kuninyima. Alimsalimia kila mtu kwa mkono, akishika kiwiko chake kwa mkono wa pili kwa heshima, kisha anafuta mkono kwenye koti, sijui kwa nini. Hakwenda baa. Kanisani alikaa benchi ya nyuma karibu na mlango, na kwaya ikiwasha vipaza sauti anatoka nje mpaka wamalize. Aprili, wiki ya kumbukumbu ya mauaji, hakufungua kabisa. Kila mtu Kigali anapunguza sauti wiki ile, lakini yeye alifunga hata pazia. Nami nikawa napita pale kwa makusudi, natazama pazia lile, najiuliza amefunga kwa majonzi au kwa kujificha.

Kilichonichanganya zaidi ni kazi alizokataa. Mtu anayekataa kazi ana sababu, na sababu ndiyo chakula changu. Alikataa kutengeneza spika za kanisa, alikataa za baa, alikataa king'ora cha mwenye pikipiki ya kuuza mikate. Siku moja nilimpelekea abiria wangu, mkandarasi aliyekuwa anajenga Kinyinya, mtu mkubwa wa maneno makubwa. Alitaka Fundi amtengenezee kifaa cha kurusha sauti chenye nguvu, aongee yeye akiwa kwenye gari, na wajenzi wote kileleni na bondeni wamsikie kwenye redio za simu zao. Alisema kwa Kifaransa na Kinyarwanda kwamba atalipa vizuri. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu "oya", hapana, akarudi kwenye meza yake. Mkandarasi akabembeleza. Fundi akasema, kama unataka kuongea na mtu, nenda umfikie. Ndani ya gari yule bwana alinilalamikia njia nzima kwamba nimempeleka kwa kichaa. Mimi nilikuwa nawaza vingine. Mtu anaweza kukataa jambo namna ile kwa sababu hawezi kulifanya. Huyu niliona mikono yake imelielewa jambo lile kabla mkandarasi hajamaliza sentensi.

Nikaanza kuuliza pembeni. Muuza mkaa aliniambia Fundi alihamia pale baada ya yale yote, kabla ya hapo alikaa mtaa mwingine ng'ambo ya bonde. Alifanya kazi wapi? Duka la redio mjini, wanasema. Duka gani? Lilikwisha. Mke na watoto? Muuza mkaa akainua mabega, akaniuliza kama nataka mkaa au sitaki.

Halafu likaja lile la sauti. Mshonaji, yule wa ng'ambo ya mtaro, ni mama mzima aliyeyaona mengi na kubaki hai, na hashtuki ovyo. Alizoea kushona huku redio yake inaimba dirishani. Asubuhi moja wimbo ukakatika, ikaingia sauti ya mwanamume asiyemjua, inazungumza Kinyarwanda kwa utulivu kabisa, inasema habari za kuchinja. Wangapi, wamefungwa wapi, waanze na yupi. Wanasema alitoka nje akiwa na kitambaa mkononi, sindano imening'inia, akakaa chini barabarani na hakuweza kusema. Jirani aliyeingia ndani kuangalia akaisikia naye, mara moja, kisha wimbo ukarudi.

Mtaa mzima ulipata baridi. Jumamosi ya umuganda, baada ya kufyeka nyasi na kuzibua mtaro, tulikaa kwenye mkutano kama kawaida. Mimi si mkazi wa pale, lakini nilikuwa nimeleta gari kwa Fundi, na siku ya umuganda unafanya kazi pale ulipokutwa. Mwenye mudugudu, kiongozi wa mtaa, mama mmoja mpole mwenye sauti ya chini, akaeleza yaliyotokea. Hakuhitaji kusema zaidi, macho yote yalikuwa yameshafika kwa Fundi. Muuza nyama, ambaye duka lake liko juu kidogo ya kichochoro, alikuwa wa kwanza kusimama. Alisema mtaani kuna mtu mmoja tu anayetengeneza vya kurusha sauti. Alisema mtu huyo hajulikani alikotoka. Alisema aondoke, achukue makopo yake aende, na akataka mamlaka ya juu iambiwe. Watu wakaguna kukubali. Mtu mmoja nyuma akauliza, kwa upole unaotisha kuliko ukali, Muzehe, ufundi huu ulijifunza wapi?

Nilikaa mbele kabisa kwenye nyasi. Swali langu la miaka yote lilikuwa limeulizwa na mtu mwingine.

Fundi akajibu kwamba alijifunza dukani. Basi. Kisha akatoa kiredio chake mfukoni, akavuta antena, akaomba tumfuate. Muuza nyama akasema hatuendi popote. Mwenye mudugudu akasimama, nasi tukasimama. Tulimfuata mzee yule mkutano mzima, majembe begani, naye mbele anageuza kiredio huku na huku, anasimama, anasikiliza, anaendelea. Akapanda kichochoro. Akapita mlango wa chumba chake mwenyewe. Akasimama kwenye gari la muuza nyama, lililoegeshwa mbele ya bucha, muziki unalia ndani yake taratibu.

Akafungua mlango wa gari. Kifaa kilikuwa chake, alikitambua. Lakini kwenye ile antena aliyoikata fupi, mtu alikuwa ameunga waya mrefu, umepita chini ya kapeti, umetokea dirishani na kufungwa kwenye antena ya gari juu. Muuza nyama alitaka kusikia nyimbo za gari lake akiwa ndani ya bucha, akaunganisha mwenyewe. Alisahau kwamba akipokea simu ikiwa imechomekwa, sauti ya anayempigia nayo inarushwa. Asubuhi ile aliyekuwa anapiga alikuwa mtu wake wa mnadani, anamwuliza ng'ombe gani waanze nao.

Watu walicheka. Walicheka mpaka wengine wakaweka majembe chini, kicheko cha watu waliokuwa wameogopa. Muuza nyama naye akacheka kidogo, akimtazama mwenye mudugudu. Waliobaki bila kucheka walikuwa wawili, mshonaji na Fundi. Fundi alichomoa kile kifaa, akakiweka juu ya jiwe, akakiponda kwa kisigino cha kiatu, akarudia, akarudia, mpaka nta ya koili ikatapakaa. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Kisha akamwendea mshonaji, akamwomba radhi. Yeye, ambaye hakuwa na kosa. Akasema, "Mimi nilitengeneza," na akaenda chumbani kwake akafunga.

Mtaa ulimsamehe siku hiyo hiyo, kama kulikuwa na la kusamehe. Hakuna aliyezungumzia tena kumhamisha. Mimi peke yangu nilirudi nyumbani na mashaka mazito kuliko niliyokwenda nayo. Nilimwambia mke wangu, mtu hakasiriki namna ile kwa mchezo wa muuza nyama. Kuna kitu. Mke wangu akasema labda mzee wa watu ana hasira tu. Nikamwambia hapana, ile haikuwa hasira, niliiona vizuri, ile ilikuwa hofu. Akaniambia nile.

Baada ya hapo niliendelea kwenda kwake, na sitajifanya kwamba nilikwenda kwa ajili ya gari tu. Nilimpelekea wateja, nikakunywa chai yake, nikamtazama. Tulizungumza habari za koili na joto, namna kifaa kilichotulia asubuhi kinavyohama mchana gari likiiva juani, na namna alivyokuwa akikiacha dirishani kipigwe na jua kabla ya kukiamini. Hatukuzungumza lingine. Miaka ikapita hivyo.

Mara ya mwisho ambayo nataka kuwaeleza ilikuwa Jumapili, kiangazi kimeanza, vumbi jekundu kila mahali. Sikuwa nimemwona muda mrefu. Nilimkuta amekonda zaidi, koti limemzidi, na nilipobisha hodi hakuitika. Nikabisha tena. Nikaingia nikamgusa bega, akashtuka. Masikio yalikuwa yamekwisha. La kushoto halikusikia kitu, la kulia mpaka umwinamie. Mezani kulikuwa na kifaa kipya, kimekamilika, koili imeng'aa kwa nta, na nje kulikuwa na gari la dereva mwenzangu aliyekiagiza na kwenda kusali. Kiredio cha mfukoni kilikuwa kando yake, nacho kimezimwa.

Akanionyesha kiti. Akaanza kuzungumza bila mimi kuuliza, na kwa kuwa hakujisikia akisema, alizungumza kwa sauti kubwa, yeye ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti.

"Mimi nilikuwa na redio kubwa," alisema. "Kule tulikuwa tunakaa mbele ya kuja hapa, watu wengi hawakuwa na redio. Kila siku nilikuwa naiweka kwa dirisha, nageuza spika inje. Wasikie mpira. Wasikie muziki. Wasikie matangazo ya mtu amekufa. Walikuwa wananishukuru, Shoferi. Watoto walikuwa wanakaa pale chini ya dirisha."

Nilijua maneno yanakokwenda. Nilitaka yafike, na nilitaka anyamaze.

"Halafu maneno ya redio ikabadilika. Mimi sikuitoa kwa dirisha. Niliogopa mtu ataniuliza, mbona leo umeitoa? Nikasema, si mimi ninasema, ni redio inasema. Siku moja ikasema jina ya mtu wa mtaa wetu. Ikasema na nyumba. Watu walikuwa wamesimama pale chini, wakasikia. Wakaenda."

Akatazama mikono yake mezani. Nikamwinamia sikio la kulia nikamuuliza kama aliwahi kuyasema hayo mahali. Akasema ndiyo, kwenye gacaca, mahakama ya mtaa ya baada ya mauaji, alipokaa mbele ya majirani kwenye nyasi kila mtu aseme alichokifanya. Walimwuliza kama alishika panga, akasema hapana. Walimwuliza kama alionyesha nyumba, akasema hapana, redio ndiyo ilionyesha. Wakamwambia akae chini, wakamwita mwingine. Mwenye jina lile hakuwepo kusema, wala wa kwake.

Miaka yote ile nilikuwa nikijiandaa kwa jibu. Ama awe alikuwa mtu wa ile redio, nimchukie kwa amani, ama awe hakuhusika, nimwombe radhi kimoyomoyo. Hili sikuwa nimeliandalia mahali. Nilimchukia, nasema wazi, nikaona watu wamesimama chini ya dirisha, na nikamwona shangazi. Halafu nikamwona mzee kiziwi amevaa koti, nikamwonea huruma, na huruma ile ikaniudhi kuliko chuki. Nilisimama kuondoka.

Akanishika mkono. Akachukua kiredio, akaniwekea kiganjani.

"Siwezi tena kusikia inafika wapi," akasema. "Nenda wewe."

Nikamwambia atafute mtu mwingine. Nilimwambia kuna vijana wengi mtaani, kuna jirani zake, hawawezi kukosa. Sijui alisikia kiasi gani, ila alielewa.

"Wengine watarudi waseme, 'Iko sawa, Muzehe,' wanifurahishe. Wewe hunipendi. Tangu zamani iko unaniangalia kwa kioo. Wewe utasema kweli."

Nilitoka nje. Alinifuata na kifaa. Akakichomeka kwenye gari la mwenzangu, akacheza wimbo, akafunga milango. Nikawasha kiredio, nikakibana sikioni, nikaanza kutembea. Mwanzoni nilijisikia mjinga, nikatazama huku na huku kama kuna anayeniona. Kisha nikajikuta nimeinamisha kichwa. Huwezi kusikiliza vile bila kuinama. Sauti ilipungua, gitaa likaanza kukwaruza, nikafika mtaroni nikasimama. Bado ilikuwepo. Ilikuwa ndogo, ya kujidanganya kwamba imekwisha kama unataka kurudi kwenye gari lako na kwenda nyumbani kula. Nikavuka mtaro. Nikasogea mpaka chini ya dirisha la mshonaji, pazia lake linapepea, cherehani imefunikwa kwa kuwa ni Jumapili. Nikasimama pale chini, mtu mzima na redio sikioni, na nikasikia mtu anaimba.

Nikarudi. Fundi alikuwa mlangoni, ananitazama mdomo.

"Inafika dirishani," nikamwambia.

Akaenda kwenye gari, akachukua koleo, akakata. Akanirudishia kiredio. Nikaanza kutembea tena.